Boya

Miaka miwili mshale umelala kwenye sifuri,
nami tenki la Landrova nalipima kwa ufito.

Leo, Masasi, Somoe Nalinga kachomoa waya,
kaugusisha kwenye chuma:
mshale ukaruka hadi mwisho.
"Huyu hana kosa. Husema anachoambiwa."

Akalitoa boya la shaba, akalitikisa sikioni.
Chubwi, chubwi.
"Limekunywa."
Lilizama palepale lilipotakiwa kuelea.

Akalididimiza kwenye sufuria ya maji ya moto;
viputo vikapanda mstari mmoja, vikautaja ufa.
Akamwaga petroli, akalianika mpaka adhuhuri,
tone la risasi, basi.

Nikawasha. Mshale ukajikokota,
ukasimama nusu.
Nikalipa elfu kumi na tano na kibaba cha korosho.

Njiani kuelekea Nanganga
nilisimama mara mbili,
nikachomoa ufito nyuma ya kiti.