Rula Inayoanzia Moja

Barua mbili zimelala juu ya meza ya jikoni,
nimezifunika na kifuniko cha sufuria zisipeperuke.
Ya Mbeya ina muhuri wa buluu.
Ya Tanga haina muhuri, ina namba ya mtu
aliyenipigia jana akaniuliza, kwa upole,
kama nina maswali. Nikamjibu sina.

Nina maswali tangu saa kumi alfajiri.

Sasa Pasua kunapambazuka. Mlima umechungulia
nyuma ya paa la mama Anansia, mweupe, kimya;
ikigonga saa tatu utajivuta shuka usoni
na hakuna atakayeudai jibu.

Nachukua risiti ya sembe, naandika nyuma yake.
Mbeya: milioni moja na laki mbili.
Tanga: laki nane na themanini.
Hapo hata mtoto wa chekechea hakosei.
Lakini bima ya Mbeya inamtambua mume na watoto,
na mume sina wa kumwandika,
na mama yangu hana mstari kwenye fomu yao.
Tanga wameongeza: *na mzazi mmoja.*
Maneno matatu. Nimeyasoma mpaka yamechakaa.

Mama huenda Mawenzi kila Jumanne ya pili.
Dawa ya presha, dawa ya sukari, na ile ya tatu
ambayo dirishani huwa imeisha jana,
ng'ambo ya barabara ipo, haijawahi kuisha,
bei yake tu ndiyo haikai mahali pamoja.

Halafu Kundaeli. Mdogo wangu amebakiza mwaka VETA,
ameshajua kuchomelea geti lenye maua.
Ada yake imo ndani ya Mbeya, Tanga haimo.
Nimejumlisha. Nimepunguza sukari ya chai,
nimefuta kusuka, nimefuta kiatu changu cha kazini,
bado laki na themanini inanikodolea macho.

Na hapa? Hapa mkataba unakoma mwezi wa sita.
Miaka tisa nimepima maji ya mji huu kwa vichupa,
naweza kukuambia kwa ulimi
hili ni bomba la Njoro, hili la Soweto.
Hakuna barua ya tatu.

Mama ameamka. Amesimama mlangoni, kanga begani,
anaitazama risiti bila miwani, wala haihitaji.
"Usinitie mimi kwenye hesabu, Nsiande.
Mimi si deni."
Kisha akatoka uani kumenya ndizi,
na kisu kikasema yaliyobaki.

Ijumaa adhuhuri wanataka jibu, Mbeya na Tanga,
kama waliokaa kikao wakakubaliana.

Elinami kaja na atlasi ya kuazima
na rula iliyovunjika kichwa, inaanzia moja.
Anailaza juu ya nchi, ulimi nje, jicho moja kafumba.
"Mbeya nane na nusu. Tanga nne kasoro.
Lakini toa moja, mama. Kila ukipima, toa moja,
mwanzo wake haupo."

Chai imepoa mbele yangu.

Kundaeli nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso,
sitamtumia ujumbe wa simu.
Atanuna. Atasema sawa dada, na ile sawa yake
nitatembea nayo mwaka mzima kama kokoto kiatuni.
Atachomelea mageti ya watu kwa kutwa
mpaka nijue Januari inakujaje.

"Mama, umetoa?"

Nimeinua kifuniko. Nimetoa moja,
nimeikunja mara mbili, mara nne,
muhuri wa buluu ukabaki ndani.

Kutoka uani, bila mtu kumwambia kitu,
kisu kikatulia kidogo.
"Huko Tanga," mama akauliza,
"ndizi wanazipika na nini?"