Nitue

Liko nyuma ya reli, Usoke, upande wa mashamba ya tumbaku,
limesimama peke yake kama mtu aliyeambiwa asubiri.
Utosini lina kishimo: mvua hukaa, nyuki huja kunywa.

Shangazi Nyamizi alituonya,
jua likizama usipite pale na kitu kichwani.
Watakuona mwenzao.
Watakwambia, Nitue.

Ni wapagazi wa enzi za pembe.
Mmoja aliegemea hapa apumue, mzigo begani,
akafa wima. Hapakuwa na wa kumtua.
Wengine wanasema jiwe ni shingo yake.
Kapela, mrina asali, anasema ni uongo mtupu,
ila naye huzunguka na madebe yake kwa njia ya mbali.

Mihayo aliwahi kuambiwa. Alitupa gunia la karanga, akakimbia.
Asubuhi tulilikuta limesimamishwa kivulini,
limefungwa upya, kwa fundo
asilolijua mtu yeyote kijijini.

Mwaka jana ukaja mradi wa maji.
Fundi mwenye kofia ya njano akasema
tumekuja kumtua mama ndoo kichwani,
tukapiga vigelegele.
Mtaro ukafika jiweni. Sururu tatu, mipini mitatu ikakatika.
Usiku fundi akalala kwenye turubai,
akaamshwa na sauti yenye adabu:
Na mimi, bwana?

Bomba likapindishwa. Ndiyo maana pale lina kona.

Basi juzi nilichelewa kwenye foleni.
Treni ya Kigoma ilikwishapita, reli bado inanong'ona,
ndoo kichwani, nikakata njia ya mkato.
Karibu kabisa na sikio:
Nitue.

Sikukimbia. Maji yangemwagika.
Nikatua ndoo yangu kwanza,
nikainua mikono gizani
kama unavyompokea mgeni yeyote mlangoni.
Ulikuwa mzito. Ulikuwa baridi, laini, umepinda kidogo.
Nikaulaza chini polepole, magoti yakilia,
kisha nikasikia pumzi,
ndefu, ya mtu aliyeibana miaka mia na ushei.

Sikusema kitu. Ningesema nini, pole na safari?

Nikainama kuchukua ndoo, nayo ikaniwahi,
ikapanda yenyewe, ikakaa sawasawa juu ya kata.
Alilelewa vyema, yule. Ukituliwa, unatwika.

Nyumbani nilipima:
maji yamepungua kikombe kimoja.

Sikumwambia shangazi.
Kesho yake nilipita tena, na kikombe.