Glasi ya Haradali

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini kibaba cha nani?

Daftari la bibi lina doa la siagi
ukurasa wa kumi na saba, keki ya asali:
unga glasi tatu, asali glasi moja,
sukari nusu glasi, mayai manne,
maziwa ya mgando, kiasi cha kutosha.
Hakuna gramu popote.

Dobrosława ni mfamasia, Łomża, Polandi.
Kutwa hupima unga wa dawa
kwa mizani inayoshtuka ukiipumulia.
Kwake "kiasi cha kutosha" ni kosa la jinai.
Akafungua jedwali: glasi ni mililita mia mbili hamsini,
unga wake gramu mia moja sitini.
Akazidisha kwa tatu, akapiga mstari chini,
akaoka.

Jumamosi ya kwanza ilitoka tofali.
Ya pili, tofali lenye ufa.
Ya tatu mumewe Witold alitafuna kimya,
kisha akaomba chai,
kisha akaomba chai nyingine.

Usiku akalala akihesabu.
Unga uliochekechwa hukaa kama theluji ya jana,
hewa nyingi, kitu kidogo;
uliochotwa mfukoni hushindiliana,
na glasi ile ile huzidi gramu thelathini.
Asali haina hila. Haichekechwi, haishindiliki,
hujaa kimo kile kile cha unga
na ukiinyanyua mkono unashuka.
Mayai nayo hayajui glasi: ni manne tu,
hata ukiukuza unga, hayakui.
Yote haya jedwali liliyajua.
Halikujua Genowefa alichotea nini.

Saa tisa usiku akaketi kitandani.
Haradali!
Miaka ile ya foleni, haradali iliuzwa ndani ya glasi,
ukiimaliza unaosha, unanywea chai,
na kabati zima la bibi lilikuwa limeliwa kwanza.
Iliyobaki ilikuwa moja,
na baada ya mazishi, Februari,
kaka yake Ziemowit aliondoka nayo hadi Gdynia.
Imesimamisha miswaki.

"Toa miswaki," alimwambia kwenye simu,
"ijaze maji hadi ukingoni, uipime."
Ziemowit ana mizani moja, ya masanduku ya safari.
Aliitundika glasi kwenye mfuko wa plastiki.
Mizani ikasema sufuri.

Basi akaenda posta.
Karani, mwanamke mwenye miwani ya kamba,
akapima glasi tupu, akapima glasi ya maji,
akapima glasi ya unga, asiulize kitu,
ila mzee wa nyuma yake kwenye foleni
alitaka kujua unga huo unatumwa kwa nani.

"Ukitoa glasi yenyewe,
maji, mia moja tisini na nane.
Unga, mia moja ishirini na saba."
Dobrosława akaandika. Kalamu ikasita.
"Uliujazaje?"
"Kama bibi. Nikachota, nikagonga kaunta mara mbili,
nikapuliza kilima cha juu."
"Wewe hukuwahi hata kukaanga yai.
Ulimwona wapi akigonga?"
"Sikumwona. Nilikuwa chini ya meza na gari langu la mbao.
Kila alipooka, juu ya kichwa changu:
ko, ko."

Jumamosi ya nne keki iliumuka,
ikainama upande mmoja, maana tanuri ni bovu.
Witold hakuomba chai hadi kipande cha tatu.

Sasa ukurasa wa kumi na saba una penseli pembeni:
127 mara 3, na chini yake, kwa herufi ndogo,
gonga mara mbili.

Mizani ya jikoni haihitaji kugongewa.
Bakuli limewekwa, namba imetulia,
gramu mia tatu themanini na moja, hakuna wa kubisha.
Anatazama mlangoni kama kuna mtu.
Anagonga.