Vidole Viwili Chini ya Goti

Rajabu Kenyi, mwuza nyama wa soko la Arua,
huniwekea miundi ya mbuzi kwenye mfuko mweusi.
Haniulizi tena ni supu ya nani.
Jumamosi hii amenipa kumi na saba,
mmoja bado una kwato.

Mimi ni mkereza vyuma. Nilizoea
bushi za pampu, ekseli za toroli,
vitu ambavyo vikitaka kuharibika hulia kwanza.
Mfupa haulii. Mfupa hukataa, hukataa,
halafu ghafla hukubali,
na ndani ya kukubali huko ndimo mkono unamoponyoka.

Muuguzi Candiru alikuja karakana na sare yake,
akaweka mezani kitu cha zamani:
sindano nene, mpini kama kifungo cha koti.
Akasema: mshipa wa mtoto aliyeharisha siku tatu
ni uzi uliozama ndani ya nguo.
Unatafuta mkononi, unatafuta kichwani,
mama anakutazama vidole,
saa ya ukutani inakutazama vidole.
Basi unashuka kwenye muundi. Mwili ukifunga milango yote,
uboho huacha wake wazi.
Dripu ikiingia pale, inafika moyoni.

Nikamuuliza, shida iko wapi?
Akajifuta viganja, ingawa vilikuwa vikavu.
Haijui kusimama, akasema.
Mwaka jana, usiku, ilitokea upande wa pili.
Maji yakajaa kwenye nyama ya mguu,
sisi tunadhani yanaingia.
Jina la mtoto hakulitaja. Alitaja kijiji.
Ulimi hauna mfupa, husemwa,
ila wa Candiru siku hiyo ulikuwa nao:
ulisimama wima katikati ya sentensi.

Nikakereza pete ya kuzuia.
Ya kwanza ilikuwa nzuri kama hereni, na ilikuwa upumbavu.
Ncha ilipenya mfupa, ikapenya mbao;
meza ya marehemu baba ina tundu hadi leo.
Ya pili ilizuia mno.
Mara ya tatu nikatoa pete mbili, ya mtu mzima na ya mtoto.
Candiru akazitazama: saa nane usiku, umeme umekatika,
nani atafute kidogo kati ya vidogo?
Nikatengeneza moja ya kuzungusha,
inayolia tik kila milimita mbili,
sikio lisome pale jicho lisipoona.
Alama za rangi zilifutika kwa spiriti. Nikazichonga.
Mpini uliteleza kwenye glavu yenye damu ya mbuzi.
Nikautia vipele, kama ganda la fenesi.
Na ncha ikishachomolewa inarudi yenyewe kwenye ala,
maana Candiru naye ana damu.

Karatasi zimekwenda Kampala. Watu wa huko
wanataka mifupa zaidi, majedwali zaidi, na wana haki:
mbuzi si mtoto. Wa miezi minane, muundi wake
haufiki unene wa kidole changu cha mwisho.
Hilo nilihakikisha nyumbani, usiku,
binti yangu Ayikoru kalala chali kama mwenye nyumba.
Nikahesabu vidole viwili chini ya goti,
upande wa ndani, pale palipo bapa,
nikabonyeza kidogo tu kwa dole gumba.
Akanitandika teke la kidevu.

Nikaandika daftarini: mguu ushikwe kwanza.
Kesho yake Candiru akasoma, akanyamaza.
Fundi, akasema, anayerusha teke
haihitaji sindano yako.

Nikachukua kalamu nifute.
Akauweka mkono wake juu ya ukurasa.
Acha, akasema. Wengine huamka katikati.