Doa la Tano

Chambo tulikiweka tangu jana jioni:
ndizi zilizopitiliza kuiva, kikombe cha lubisi,
na chumvi kiasi, kutoka mkobani mwa Leokadia.
Chumvi ya Uvinza, alisema, hata wadudu wanaijua.

Asubuhi bonde la chini ya Kalinzi lilijaa ukungu
mwepesi kama uji wa mgonjwa.
Tukakaa juu ya magunia, migongo kwenye mibuni,
daftari magotini, penseli imechongwa kwa wembe.

Wakaja kwanza wa kila siku,
wa manjano, waliochakaa, wa kuhesabu kwa mafungu.
Leokadia hata shingo hakuinua.
Kisha, saa tatu na robo,
jani kavu likadondoka kutoka juu,
likabadili nia njiani,
likatua juu ya ndizi na kukunjua ulimi.

Usipumue, akasema.
Nilikuwa nimeshaacha.

Alifungua mbawa mara moja tu. Buluu.
Si ya ziwa. Si ya mbingu, mbingu niachie.
Buluu ya wino wa kura,
ule unaokaa kidoleni hata baada ya matokeo.
Akafunga. Jani tena.

Hesabu sasa, akanong'ona, bawa la nyuma, upande wa chini.
Manne ni yule wa kawaida,
yumo sandukuni shuleni, pini kifuani.
Matano ni yule ambaye mwalimu wangu
alimwona mara moja, mwaka wa njaa,
na hakuna aliyemsadiki.

Moja, karibu na ukingo.
La pili.
La tatu limepauka.
La nne.
Halafu pengo:
ndege alishapita hapo na mdomo wake,
akala ushahidi.

Wavu ulikuwa miguuni pangu. Nitasema kweli,
mkono ulikwenda.
Mdudu mwenyewe kalewa, miguu inateleza kwenye lubisi,
mtoto wa chekechea angemdaka.
Leokadia hakunizuia. Alinitazama tu
kama unavyomtazama mtu
anayeigeuzageuza barua isiyo yake.

Mkono ukarudi, ukakuta penseli.

Kalinzi. Saa tatu na nusu. Mmoja.
Madoa manne, na mahali pa la tano.

Nilipoinua macho, ndizi ilikuwa ndizi.

Akalichukua daftari, akasoma kimya,
nikadhani atafuta.
Akaitoa penseli mkononi mwangu, akaichonga upya,
akanirudishia.
Andika na ndege, akasema.