Mngoja Chini

Wasemao aliye juu mngoje chini
husema kwa kijicho.
Mimi nimemngoja Delyth miaka tisa
na nalipwa kwa saa.

Barafu bado imenata kwenye vioo vya gari.
Twatandaza turubai nyuma ya kanisa la Bethania,
twakagua vyombo kabla ya chai:
kamba ya kupandia, mita arobaini na tano,
naipitisha vidoleni polepole, macho nimefumba,
nikitafuta mahali uzi ulipolainika.
Karabina kumi na moja.
Ya kumi na mbili ilidondoka mwezi wa kumi,
haikupinda, haikupasuka, ila ilidondoka,
na Delyth akaigeuza kulabu ya vikombe jikoni kwake.

Suruali yake imeshonwa nyuzi ndani, tabaka juu ya tabaka,
ili meno ya msumeno yasongwe na nyuzi
kabla ya kuonja paja.
Siku moja zilifanya kazi.
Suruali tuliitupa. Paja lipo.

Mwaloni una ufa kuanzia panda hadi bega,
na tawi moja limelalia hewa juu ya paa la sleti.
Bwana Emrys, mweka hazina, anataka liondoke kabla ya Jumapili.
Delyth anarusha kifuko kizito, uzi mwembamba ukikifuata.
Kinakosa.
Kinakosa tena.
Mara ya tatu anatukana kwa Kiwelshi, ukutani mwa kanisa,
mara ya nne kinapita.

Sasa yuko juu, chapeo ya machungwa kati ya matawi makavu,
nami nimeizungusha kamba ya kushushia
mara tatu kwenye ngoma ya chuma iliyofungwa shinani.
Tawi likikatika, uzito wake hunifikia mikononi
kabla sauti haijanifikia masikioni.
Nalegeza. Nalegeza.
Usilikamate ghafla, alinifunza wiki ya kwanza,
ukilikamata ghafla mti wote hutikisika,
na mimi nimo.

Twaongea kwa redio, spika ndani ya viziba masikio.
Namsikia akihema, akimeza mate, akihesabu.
Iwan, mumewe, hajawahi kumsikia kwa ukaribu huo,
wala hatujawahi kulizungumzia jambo hili.

Saa tano na nusu msumeno ukanyamaza.
Nikadhani ni petroli.
"Zima mashine ya kusaga," akasema.
Nikaizima. Bonde zima likarudi: kondoo, maji, lori la maziwa.
"Wamo ndani ya ufa."
"Nani?"
"Popo."

Macho yangu, wale popo wawili wa kitendawili,
yakavuka mto wa hewa yakatua penye glavu yake.
Jumatatu tulipitisha kamera humo, hatukuona kitu.
Na sheria ya nchi hii haina mzaha:
popo akilala mtini, mti ni nyumba yake,
hati anayo yeye.

Bwana Emrys akatoka na sahani ya biskuti.
Nikamweleza. Akatazama juu kwa muda mrefu.
"Wangapi?"
Redio ikakoroma kifuani pangu.
"Sijahesabu. Wamelala.
Wananing'inia, mwambie, bila karabina."

Akashuka. Nikaishika miguu yake ilipogusa nyasi,
kama nishikavyo kila mara, ingawa haihitaji.
Nusu siku, basi, nusu ujira.
Tukazungusha utepe mwekundu, tukampigia simu mtaalamu wa popo,
ambaye atakuja Alhamisi, au Alhamisi nyingine.
Tukafagia unga wa mbao ngazini mwa kanisa
bila kuulizwa na mtu.
Biskuti zilikuwa za tangawizi, laini kwa unyevu.

Nilikunja kamba pima kwa pima.
Bado ilikuwa na joto pale ilipoteleza kwenye gome.
Walio juu sasa si wa kulipiwa.
Hata hivyo, kabla ya kufunga mlango wa gari,
nikasimama kidogo,
shingo nyuma,
kwa mazoea.