Wasifu wa Mheshimiwa, Ukurasa Mmoja

Bunge limeomba wasifu wako, Mheshimiwa:
ukurasa mmoja, mistari iachiane.
Nimekaa ofisi ya jimbo, Kitangari, umeme umekatika,
naandika kwa kalamu ya risasi.

Jina: Asumini Bakari Likwawa.
Hapo hakuna ubishi.

Mahali pa kuzaliwa.
Zahanati haikuwapo. Mama yako alikuwa anatoka bondeni,
ndoo kichwani, mwendo wa saa mbili kupanda,
uchungu ukamshika kwenye kona ya tatu.
Wenzake wakamzungushia khanga.
Maji, wanasema, hayakumwagika hata tone:
aliitua ndoo kwanza,
ndipo akakutua wewe.
Nimeandika, "Wilaya ya Newala."

Kazi ya baba: mpima mizani, chama cha msingi.
Hapa kalamu ilisita.
Kijiji kizima kilijua mizani ile inakula,
kilo mbili kila gunia, na hakuna aliyesema,
maana anayekupimia leo ndiye atakayekupimia kesho.
Ulikuwa darasa la tano. Foleni imefika barabarani.
Ukaruka ukapanda juu ya bati, na sare yako ya shule,
ukauliza kwa sauti ya kitoto, ya kweli kabisa:
"Baba, asubuhi nesi alinipima shuleni, ishirini na tisa.
Mbona hapa ishirini na saba?
Nimekonda tangu asubuhi?"

Watu walicheka mpaka magunia yakaanguka.
Baba yako hakukupiga.
Alinyamaza tu, hakusema nawe neno
mpaka mabibo ya mwaka wa pili yalipoanza kudondoka.

Elimu: kidato cha nne, kisha cheti cha ualimu.
Ada ilitoka kwenye mtungi wa bibi.
Wewe unayewafokea vijana wanaolewa asubuhi,
ulisomeshwa na uraka, Mheshimiwa,
lakini fomu haina kisanduku cha uraka.

Jimbo: la kaskazini,
huku uwanda unakokatika ghafla kama mkate,
na ukungu unapanda kutoka chini kuuliza habari zetu.

Kazi bungeni.
Nimezisoma Taarifa Rasmi zote, nimezipigia mstari.
Mara kumi na moja umeomba pampu.
Mara saba umesema salfa inafika ubwiri unga umeshakula maua,
ni sawa na kumletea marehemu panadol.
Mara ya saba kengele ilikukata kwenye neno "marehemu",
ukakaa, neno likabaki limesimama.

Tanki tumepata. Liko pale Mnyengachi,
kubwa, jeupe, lina jina lako.
Maji bado.
Watoto wameandika juu yake hesabu za kugawanya.

Na ile siku ya muswada wa tozo
uliposema "Ndiyo" pamoja na wengine.
Sauti moja katika mamia, nani angeitambua?
Sisi tuliitambua. Tukaizima redio.
Sijui niiweke chini ya "Mafanikio" au wapi.

Ulirudi mwezi wa kumi, siku ya mnada.
Msafara hukuja nao. Ulifika ghalani kwa miguu, ukasalimia,
waliokuitikia waliitikia wakitazama magunia.
Ndipo Bi Nambunga, ambaye hana meno wala woga,
akaisogeza mizani kwa mguu, akasema:
"Panda, tukupime."

Kimya. Hata madalali waliacha kubonyeza simu.
Ulivua viatu.
Ukapanda.
Ulisimama pale muda mrefu kuliko dakika zote
walizowahi kukupa Dodoma.
Mshale ukatikisika, ukatulia.
Namba naijua. Siiandiki.

Ukurasa umejaa. Umebaki mstari mmoja,
"Mengineyo."
Nimeandika neno moja: anapimika.

Umeme umerudi. Naanza kuchapa.
Ukilifikia hilo neno, sijui
utalikata,
au utaliacha.